Kiti cha Ng'ambo ya Barabara

Kazi yake ilikuwa kukaa. Ungemwuliza mtu yeyote pale kampuni kwamba Kidole anafanya nini, angekwambia anakaa, kisha angecheka, na wala asingekuwa amekosea sana. Kila mara kampuni ilipoitamani kona fulani ya mji, ilimtuma yeye kwanza. Alikwenda, akatafuta kivuli kama kipo, akatoa mfukoni kile kifaa cha chuma kinachoenea kiganjani, na tangu asubuhi mpaka maduka yafungwe akabonyeza mara moja kwa kila mtu anayepita. Mwanamume na mkoba wake, tik. Mama mwenye mtoto mgongoni, tik mbili, maana mtoto naye atakua ale kuku. Mke wake alikiita kifaa hicho tasbihi, akasema mumewe ndiye mtu pekee duniani anayevuta uradi kwa miguu ya watu.

Kazi hiyo ilimpa jina na maradhi. Maradhi yalikuwa ya kiuno, na jina lilitokana na kidole gumba cha kulia, ambacho hata kikiwa hakina kitu kilikuwa kinajikunja chenyewe kila mtu alipomkatiza mbele. Mezani kwake, wanawe walikuwa wakipita makusudi mbele yake, mmoja baada ya mwingine, wakione kinavyoruka. Yeye alicheka nao. Ila alipokuwa peke yake alikuwa amechoka, na uchovu wenyewe haukuwa wa kulala ukaamka umekwisha.

Wasioijua biashara hii hudhani kampuni ile inauza kuku. Haiuzi kuku hata kidogo. Inakodisha jina. Duka ni la mwenyewe, pango analipa mwenyewe, wakaangaji anawalipa mwenyewe, na mafuta yakimrukia anajipaka dawa mwenyewe. Cha kampuni ni ubao mwekundu juu ya mlango, unga wa viungo unaokuja katika mifuko iliyofungwa, na neno la mwisho. Kwa hayo inachukua fungu lake katika kila kinachouzwa. Tafadhali lishike hilo: katika mauzo, si katika faida. Mwenye duka akiuza sana asibaki na kitu, kampuni imeshakula. Maduka mawili yakitazamana, yakanyang'anyana wateja mpaka wenyewe wakonde, kampuni imekula mara mbili, na wala haijanawa mikono.

Kidole aliyajua yote haya vizuri, na bado ndiye aliyemwingiza dada yake.

Dada huyo alikuwa mkubwa wake kwa mbali, na mama yao alipofariki ndiye aliyegeuka mama. Alikaanga kuku kando ya mtaa mmoja wenye pilikapilika, chini ya turubai, bila ubao wala jina la mlangoni, maana hata mlango hakuwa nao. Watu walimwita Mama Kikaango, nao walimfuata kutoka mbali. Kuku wale ndio waliomsomesha mdogo wake, wakamvisha viatu, wakamwoza. Kisha mdogo mtu akapata kazi kampuni, akarudi na shati jeupe na mdomo uliopakwa asali.

"Dada, utakaanga bila jina mpaka lini?"

"Jina ninalo."

"Hilo la mtaani."

"Kwani mimi ninaishi wapi?"

Hata hivyo alikubali, kwa kuwa aliyekuja ni yeye. Angekuja mtu mwingine na maneno yale angetimuliwa kwa mwiko. Turubai likashushwa, akapanga duka lenye kioo, kikaango cha zamani kikaenda kutundikwa jikoni nyumbani. Viungo vyake mwenyewe vikapigwa marufuku. Akafundishwa kusema kwa kila aingiaye, awe mgeni au jirani wa miaka yote, "Karibu ule ufurahi," maana kampuni hutuma wateja wa siri, na anayekutwa hajasema hukatwa alama. Neno lile lilimwingia mpaka kwenye mifupa. Siku moja, alipokuwa anapokea watu mlangoni kwenye msiba wa jirani, alimshika mkono shemeji wa marehemu, akainamisha kichwa kwa huzuni, akasema, "Karibu ule ufurahi." Watu waliganda. Mfiwa mwenyewe ndiye aliyeanza kucheka, na baadaye alisema kicheko hicho kilimsaidia kuliko mahubiri.

Basi miaka ikaenda, mkataba ukakaribia kwisha. Kuuongeza haikuwa kutia saini tu. Kampuni ilikuwa imebadilisha sura ya maduka yake yote, na kila mwenye tawi alitakiwa kuvunja na kujenga upya kwa gharama zake: vigae vipya, taa mpya, kaunta ya rangi mpya ambayo machoni pa Kidole ilikuwa ileile ya zamani iliyooshwa. Dada hakuwa na kitu isipokuwa vyumba viwili vya kupangisha nyuma ya nyumba yake. Hiyo ndiyo ilikuwa akiba ya uzee wake. Alisema ataviuza.

"Kupanda mchongoma, kushuka ndiyo ngoma," alimwambia mdogo wake, akicheka kidogo. "Ulinipandisha wewe, nami siwezi kushuka sasa."

Siku chache baada ya maneno hayo, Kidole aliitwa ofisini na mkuu wa upanuzi. Wafanyakazi walimwita Bwana Ramani, kwa sababu ukuta wake mzima ulikuwa ramani ya mji yenye pini nyekundu, na yeye hakuwahi kuonekana katika mtaa wowote aliouchoma pini. Alishika kalamu, akagusa kona moja.

"Kakae hapa."

Kidole aliitazama ile kona, kiuno kikamkaza. Lilikuwa duka la vifaa vya ujenzi lililofungwa, na ng'ambo ya barabara, mlango kwa mlango, palikuwa kwa dada yake.

"Pale si tunalo tawi, bosi?"

"Tunalo, na foleni yake inatoka mpaka nje. Foleni maana yake ni watu tunaowapoteza."

"Na yule mama mwenye tawi?"

"Mkataba wake haumpi mtaa," Bwana Ramani alisema kwa upole, kama anayemweleza mtoto. "Unampa mlango. Na tafadhali usiseme kitu. Wenye matawi wakisikia mapema hutuletea kelele."

Hakujua kwamba yule mama ni dada wa mtu aliyesimama mbele yake, na Kidole hakumwambia. Kwa nini hakumwambia? Alijitetea njiani kwa hoja nzuri. Akikataa, atatumwa mwingine, kijana mwenye macho makali, atakayehesabu mpaka paka. Akimwambia dada, na dada hakuwa mtu wa kuweka neno akiba, kesho yake asubuhi atakuwa juu ya meza ya Bwana Ramani, na yeye Kidole atakuwa nje ya geti, kiinua mgongo chake kikiwa kimeota mbawa. Na nani katika umri ule atamwajiri mtu ambaye ujuzi wake ni kukaa? Hoja zilikuwa nzuri zote, na hakuna hata moja iliyompunguzia woga.

Akaenda, akasimama kwenye ukuta wa lile duka lililofungwa. Hakumaliza hata saa moja. Dada yake alimwona kupitia kioo, akavuka barabara huku akijifuta mikono kwenye aproni nyekundu ya kampuni.

"We, umefukuzwa kazi?"

"Niko kazini, Dada."

"Kazi ya kulinda ukuta?" Kisha akakiona kile kifaa, uso wote ukafunguka. "Wamekutuma uhesabu watu wangu."

Kidole hakusema ndiyo, hakusema siyo. Alikohoa. Kikohozi hicho ndicho alichokuja kukikumbuka baadaye kuliko maneno yoyote aliyowahi kusema.

Mchana, dada alirudi na kiti kipya cha mbao, kifupi, chenye egemeo, na mwavuli mkubwa aliouazima kwa muuza matunda. "Kiuno chako hicho hakifai kusimama," alisema, akakipiga kile kiti mara mbili kwa kiganja kuona kama kinayumba. Tangu hapo chai ilivuka barabara kila siku, ya moto, ya maziwa, na kipaja cha kuku kilichofungwa kwenye karatasi. Ndani ya duka aliwaambia wafanyakazi wake wasimame wima, kampuni imemleta mdogo wake wa tumbo moja aje aone thamani ya mtaa. Muuza matunda aliposema kwa mzaha kwamba watu wa kampuni si wa kuaminiwa, alimjibu bila kugeuka: "Mla nawe hafi nawe, ila mzaliwa nawe." Kidole aliyasikia hayo kutoka ng'ambo, chai ikamwunguza ulimi.

Siku moja dada alikaa naye kidogo, amechuchumaa kando ya kiti.

"Yule mnunuzi wa vyumba anataka jibu. Niviuze?"

"Ngoja kidogo, Dada."

"Ningoje nini?"

"Ngoja tu."

"Wewe tangu utotoni ukisema ngoja tu, unakuwa umevunja kitu."

Walicheka wote wawili. Kidole alicheka kwa muda mrefu zaidi, kwa sababu hakujua afanye nini kicheko kikiisha. Neno lilikuwa pale mdomoni, dada amechuchumaa karibu kabisa, barabara nayo ina kelele za kutosha kulificha. Akapita mwendesha baiskeli, kidole kikabonyeza, na dada akainuka kurudi kwenye mafuta yake.

Jioni hiyo Kidole alipata wazo, na kama mawazo mengi ya mtu aliyechoka, lilikuja likiwa limevaa nguo za ukombozi. Kwani nani anayehakiki hesabu yake? Bwana Ramani anachoma pini kwa kufuata kidole kimoja tu. Kidole kikilala, pini haichomwi. Duka la pili halitafunguliwa, dada atabaki peke yake mtaani, na hakuna atakayelazimika kusema lolote kwa yeyote.

Kesho yake akaanza kuwaruka watu. Mwanzoni aliona haya, akaanza na wale waliopita kwa haraka. Kisha akawaacha wanafunzi, akaacha wabeba mizigo, akaacha kundi zima lililoshuka kutoka kazini likicheka, likampita mbele ya magoti na kuingia moja kwa moja kwa dada yake. Kidole gumba kilitulia juu ya chuma. Alikuwa hajawahi kuwatazama watu hivyo, bila kuwageuza kitu. Aliona mzee mmoja aliyevaa soksi zisizofanana, akaona mwanamke anayesema peke yake na kutikisa kichwa. Kwa mara ya kwanza baada ya muda mrefu alirudi nyumbani akiwa hajachoka, akala, akamtania mke wake, akalala vizuri. Mke wake aliuliza kama ameongezwa mshahara.

Aliwasilisha hesabu yake. Bwana Ramani aliisoma, akaisoma tena.

"Kumbe foleni inadanganya," alisema. "Mtaa umekufa."

"Ndivyo nilivyouona, bosi."

"Basi hatufungui." Kidole alihisi kiuno kinalegea. Alikuwa ameshashika kitasa cha mlango aliposikia sauti ileile ya upole nyuma yake. "Na kwa kweli, kama watu hawapiti, tawi lile la nini? Mkataba wake si ndio unakwisha? Hatumwongezei. Afadhali umetuambia mapema."

Akageuka. Bwana Ramani alikuwa amesimama mbele ya ukuta wake, ameikamata pini nyekundu kwa ncha za kucha, akaing'oa na kuitia kwenye kibakuli pamoja na nyingine. Kidole angeweza kusema hapohapo. Akatoka nje, akaenda moja kwa moja mpaka mtaani kwa dada, na njia nzima alijiambia kwamba angalau vyumba bado vipo. Alikuwa amemwambia angoje.

Alipoingia dukani alikanyaga vumbi jeupe. Fundi alikuwa amepiga magoti sakafuni akipanga vigae vipya, na nusu ya ukuta ilikuwa imeshavalishwa. Dada yake alikuwa ameketi juu ya boksi la vigae, aproni mapajani, simu mkononi.

"Wamenipigia sasa hivi," alisema. "Wanasema watu hawapiti hapa."

"Dada, hivi vigae..."

"Vyumba niliuza. Uliniambia ningoje, nami nikangoja. Kisha nikakuona unakaa pale kila siku, unatabasamu, unakula vizuri. Nikasema huyu ni mdogo wangu, kungekuwa na baya asingekaa akatabasamu." Aliitazama simu tena kama iliyoleta habari za mtu mwingine. "Wanasema watu hawapiti. Sasa wewe ulikuwepo. Uliwaona kwa macho yako. Nenda ukawaambie."

Fundi aliendelea kugonga kigae chake polepole kwa mpini wa nyundo. Kidole alimwomba atoke kidogo, akatoka. Kisha akasema yote, akiwa amesimama, akianzia kwenye ramani: duka la pili, ng'ambo, mlango kwa mlango, amri ya kunyamaza, na jinsi alivyowaruka watu ili kulizuia. Hakujipamba. Alipofika kwenye wale watu waliotoka kazini, alioacha kuwahesabu wakiingia humuhumu, alilazimika kurudia.

Dada yake hakulia wala hakumpigia kelele. Angepiga kelele ingekuwa nafuu.

"Na chai yangu ulikuwa unakunywa?"

"Nilikuwa nakunywa."

"Ungeniambia tu," alisema. "Ungeniambia mwanzoni, vyumba vyangu ningekuwa navyo. Ningewaachia jina lao na kioo chao, nikahamia mtaa wa mbali na kikaango changu. Sasa wakinifungia, mkataba unanikataza kukaanga kuku hapa karibu, na cha kuanzia mbali sina. Umenikinga mvua kwa kuniangushia paa."

"Nisamehe, Dada."

"Hilo tutalizungumza tukiwa hatuna kazi." Akainuka, akajikung'uta vumbi magotini. "Nenda kahesabu upya."

"Nikihesabu sawasawa, watafungua duka mbele yako."

"Najua. Nimekusikia, sijawa kiziwi." Aliifunga aproni kiunoni, akakaza fundo. "Wakifungua mbele yangu nitapigana. Nilipigana na njaa wewe ukiwa mgongoni, sitashindwa na duka. Lakini nikifungiwa kwa sababu watu hawapo, nitapigana na nani?"

Kwa hiyo Kidole alirudi kwa Bwana Ramani na uongo wa pili, wa kuuponya ule wa kwanza. Alisema kifaa kilikuwa kinakwama, ameona hivyo nyumbani alipokijaribu. Bwana Ramani alivuta pumzi, akafungua droo akampa kipya, akamwambia kwamba mtu wa umri wake alipaswa kuona mapema. Kidole alisema ni kweli.

Kiti alikikuta palepale ukutani, muuza matunda alikuwa amekilaza juu chini kisije kikalowa. Akakigeuza, akakaa. Barabara ilikuwa imejaa kama ilivyokuwa imejaa siku zote. Alihesabu wanafunzi, akahesabu wabeba mizigo, akamhesabu yule mzee wa soksi zisizofanana. Kila tik ilikuwa inairudisha pini ya dada yake kwenye ramani, na tik hiyohiyo ilikuwa inajenga duka nyuma ya mgongo wake mwenyewe, hapo alipoegemea. Hakuna namna ya kubonyeza nusu. Ng'ambo ya pili, fundi alikuwa amerudi, na nyundo yake ilisikika kidogo magari yalipopungua.

Mchana ulifika, chai haikuja. Hakuitazamia, ila macho yalikwenda yenyewe kwenye kile kioo, na hapo ndipo alipomwona anatoka, anasubiri pikipiki zipite, anavuka. Mikononi hakuwa na kitu.

"Inuka," alisema.

Akainuka, akishika kiuno.

"Hiki si cha kampuni. Nilikinunua mimi, nikidhani umekuja kunitazama."

Akakikamata kiti kwa egemeo, akakiinua, akasubiri tena pikipiki, akavuka nacho. Siku zote zile za chai Kidole hakuwahi kumhesabu dada yake; alimwona kuwa ni wa nyumbani. Lakini kanuni ya kazi inasema kila anayepita ahesabiwe, na safari hii alikuwa ameahidi kuhesabu sawasawa. Akabonyeza mara moja kwa kuja kwake na mara moja kwa kurudi, kisha akasogea ukutani akaendelea na wengine, amesimama.